Tabaka la tatu

Leo nimeshinda sakafuni na gololi za mwanangu, zile za chuma ambazo mjomba wake humtolea kwenye beringi za mota mbovu. Mwenyewe alikaa nami kama dakika kumi, akaona hapa hakuna mchezo, akatoka kwenda kwenye mpira. Nikabaki na sinia la maua, gololi kama sitini nilizochagua zinazolingana, na kanga niliyoikunja kuzizungushia zisitawanyike.

Chanzo ni machungwa. Jana sokoni nilimtazama mama mmoja akipanga mafungu yake: matatu chini, la nne juu, linatua lenyewe kwenye kishimo cha katikati. Nilinunua fungu moja, na njia nzima lile chungwa la juu halikunitoka akilini. Atomu za shaba hukaa vivyo hivyo. Nilifundishwa hayo zamani, nikayaandika, nikafaulu mtihani, lakini sikuwahi kuyapanga kwa mkono wangu.

Tabaka la kwanza halina ubishi: kila gololi huzungukwa na sita. La pili lilinipunguza mwendo, maana vishimo ni mara mbili ya gololi. Ukijaza kimoja, vitatu vinavyopakana nacho havijaziki tena. Kwa hiyo nusu hujazwa, nusu hubaki wazi.

Kwenye la tatu njia zinagawanyika. Unaweza kuweka gololi wima juu ya zile za chini kabisa, au uziweke juu ya vile vishimo vilivyoachwa wazi. Nilianza na njia ya kwanza. Nikainama, nikafumba jicho moja, nikaona vitundu vyembamba kama vya sindano vimepenya tabaka zote hadi chini, na wekundu wa ua la sinia unachungulia. Nikabomoa la tatu, nikalipanga kwa njia ya pili. Vitundu vimezibwa, ua halionekani. Nilirudia mara tatu, na kila mara moyo ulinidunda.

Mpangilio ule wa vitundu ndio wa magnesiamu. Ule uliozibwa ndio wa shaba, dhahabu, fedha na alumini. Katika yote miwili kila tufe hugusana na kumi na mawili: sita pembeni, matatu chini, matatu juu. Yote miwili hujaza asilimia 74 ya nafasi, na mwanaastronomia Johannes Kepler aliandika mwaka 1611 kwamba hakuna namna ya kubana zaidi ya hapo. Uthibitisho ulisubiri hadi 1998, mwanahisabati Thomas Hales alipoutoa kwa msaada wa kompyuta, na hadi 2014 ndipo yeye na wenzake walipomaliza kuuhakiki hatua kwa hatua.

Ila kilichonishika mimi ni kwamba kipimo ni kilekile, majirani ni walewale kumi na wawili, na bado metali hizi hazifanani mkononi. Metali hukunjika kwa sababu tabaka zake za atomu huteleza moja juu ya nyingine. Kwenye magnesiamu tabaka zilizobanana hivyo zimelala upande mmoja tu, ndiyo maana ikiwa baridi hupasuka upesi. Kwenye shaba zimeelekea pande nne. Popote unapoisukuma, pana tabaka lililo tayari kuteleza.

Shemeji aliniachia kipande cha waya wa shaba, unene wa njiti ya kiberiti. Nimeupasha kwenye jiko hadi ukaiva mwekundu, nikauacha upoe. Mkunjo wa kwanza ulikuwa laini kama uzi. Nikaunyoosha, nikaukunja palepale. Wa tatu ulianza kukaza. Kufikia wa saba kidole gumba kiliuma: zile tabaka za pande nne, kila moja ikiteleza, zilikuwa zimeshikana humo ndani. Nikaurudisha jikoni. Ulipopoa, ukakunjika tena laini kama mara ya kwanza.

Gololi bado ziko kwenye sinia. Nimemwomba mwanangu asizibomoe mpaka kesho asubuhi, mwanga wa dirishani ukiingia, aje aangalie kwa jicho lake.