Mshale mmoja, makosa mawili: nilivyorekebisha spidomita ya MGB yangu

Aliyeniuzia gari aliniambia mapema: "Spidomita inadanganya kidogo, ila inadanganya kwa upande wa usalama." Ni MGB ya 1972, gari dogo la michezo la Kiingereza, na siku ya kwanza nilipoweka simu yenye GPS juu ya dashibodi niliona alichomaanisha. Simu ikisema maili 60 kwa saa, mshale ulikuwa umeshafika 69. Mshale wa namna hiyo hauleti faini. Unachofanya ni kukuweka mbele ya msururu wa magari yenye madereva wenye hasira, wakati wewe unajiona unakimbia.

Nilidhani ni kosa moja, na dhana hiyo ilinila wiki mbili.

Nilitafuta barabara iliyonyooka, mwenzangu akawa anasoma simu, mimi nasoma mshale. Kwa 30 za kweli mshale ulionyesha 37, kwa 45 ukaonyesha 53, kwa 60 ndiyo hiyo 69. Tofauti ikawa 7, 8, 9. Niliziangalia namba hizo muda mrefu. Kama shida ni mzunguko wa kebo kuwa mwingi kupita kiasi, tofauti ya 60 ingepaswa kuwa mara mbili ya ile ya 30. Kama ni mshale kukaa vibaya tu, tofauti ingebaki ileile popote. Zangu hazikukubali hesabu ya kwanza wala ya pili.

Hapa inabidi nieleze kilichomo ndani ya saa hizi za kupimia mwendo. Kebo inatoka kwenye giaboksi na kuzungusha sumaku nyuma ya saa. Sumaku imezungukwa na kikombe chepesi cha alumini ambacho hakiigusi. Inapozunguka inazalisha mikondo ya umeme ndani ya kikombe, nacho kinavutwa kuifuata, huku springi nyembamba kama unywele ikikizuia. Mshale umechomekwa kwenye mhimili wa kikombe hicho. Ni ubunifu wa Mjerumani Otto Schulze, aliyeupatia hataza mwaka 1902, na magari yaliendelea kuutumia kwa miongo mingi.

Kihesabu maili, kwa upande wake, hakina habari na sumaku. Chenyewe kinasukumwa na meno ya gia moja kwa moja kutoka kebo ileile. Kwa hiyo kikidanganya, kosa liko kabla ya saa: tairi, difu (gia za katikati ya magurudumu ya nyuma, zinazoyagawia mzunguko) au gia ya kebo. Kikisema kweli na mshale ukadanganya, kosa liko ndani ya saa. Laiti ningejua hilo kabla sijanunua kebo mpya nisiyoihitaji.

Nikaenda maili 20 kwa GPS. Kihesabu kikaandika 21.5, yaani ziada ya zaidi kidogo ya asilimia 7. Basi sehemu ya uongo ilikuwa inatoka chini ya gari.

Kwenye uso wa saa za Smiths, kampuni iliyotengeneza spidomita yangu, kuna namba ndogo ambayo wengi huiona na kuipita. Yangu ni 1280. Maana yake kebo inatakiwa kuzunguka mara 1280 kwa kila maili. Nikaamua kuhesabu inazunguka mara ngapi kweli. Nilichomoa kebo nyuma ya saa, nikabandika kipande cha karatasi kwenye ncha yake kiwe kama bendera, nikapiga jeki gurudumu moja la nyuma na kulizungusha mara sita. Bendera ikazunguka mara nne na nusu. Kwa hesabu hiyo mshale ungekuwa unasoma pungufu, karibu nusu ya mwendo! Ilinichukua kikombe kizima cha chai kukumbuka difu: gurudumu moja likizunguka na la pili likiwa limesimama chini, shafti inayounganisha difu na giaboksi inapata nusu tu ya mizunguko. Nikashusha gari, nikaweka gia huru, nikachora alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, tukalisukuma mpaka gurudumu lizunguke mara sita. Bendera ikahesabu tisa. Umbali kwa futi kamba: mita 10.53.

Maili moja ni mita 1609. Gawanya kwa 10.53, zidisha kwa 9, unapata 1375. Saa inataka 1280. Hiyo ndiyo asilimia 7 yangu.

Sababu niliiona nilipochuchumaa kusoma ukubwa ulioandikwa kwenye tairi: 185/60R14. Zinapendeza, zinajaza tao la gurudumu, lakini kipenyo chake ni milimita 578 hivi, wakati 165R14 za kizamani zinakaribia 620. Tairi fupi huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na kebo inafuata. Kuna visanduku vidogo vya gia vinavyofungwa katikati ya kebo kurekebisha uwiano, na kwa aliyebadilisha difu au giaboksi ndiyo njia ya maana. Mimi tairi zangu zilikuwa zimezeeka hata hivyo. Nikafunga 165R14, na usukani ukawa mwepesi kuliko nilivyotarajia.

Kihesabu sasa kikalingana na GPS. Mshale? 30 ikawa 35, 45 ikawa 50, 60 ikawa 65. Tano popote. Nilicheka peke yangu garini. Springi iliyolegea au sumaku iliyochoka ingebadilisha uwiano. Tano isiyobadilika maana yake mtu fulani aliwahi kuchomoa mshale na kuurudisha mahali pasipo pake. Gari likisimama huwezi kugundua, kwa sababu springi inaulaza mshale kwenye pini ya kuuzuia hata ukiwa umekaa kombo.

Saa ilitoka bila shida. Raha iko kwenye kupima mezani: kwa maili 60 kwa saa unakwenda maili moja kila dakika, kwa hiyo kebo inazunguka mara 1280 kwa dakika. Huhitaji mtambo wowote maalumu. Nilitumia drili ya kuongeza mwendo polepole, kipande cha kebo ya zamani (ikapata kazi!) na kipima mizunguko cha mwanga. Mara ya kwanza nilizungusha kinyume, mshale ukajibana kwenye pini, bahati haukupinda. Nikauchomoa kwa vijiko viwili vya chai, chini yake nimeweka kadi ili uso wa saa usichubuke. Drili ikiwa imetulia kwenye 1280, nikaukandamiza mshale taratibu juu ya 61.

Ndiyo, 61, kwa makusudi. Kanuni namba 39 ya UNECE (Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya), inayohusu spidomita, hairuhusu kabisa kusoma chini ya mwendo halisi, ila inaruhusu kuzidi kwa asilimia 10 na kilomita 4 kwa saa juu yake. Maili moja ya akiba inanitosha. Kwa mizunguko 640 mshale ulisema 31, kwa 1707, ambayo ni maili 80, ukasema 81.

Nilipofunga kebo nilipaka grisi theluthi mbili za chini tu. Ya juu ikipakwa, grisi hupanda yenyewe mpaka ndani ya kikombe, na hapo ungerudi mezani.

Kuna jambo moja sikulifikiria. Kihesabu kilichokuwa kinazidisha maili ndicho nilichokuwa nakitumia kupigia hesabu ya mafuta. Zile maili 27 kwa galoni nilizojisifia mwaka mzima zilikuwa 25.