Meno mawili, makali kama ya paka

Mwanangu ana miaka 4 na meno mawili tu, yamechongoka. "Mpe maziwa, yataota," waliniambia. Nikampa mpaka nikachoka. Na zile homa za mchana tulizokuwa tukipimia malaria kila mara? Kumbe hatoki jasho.

Juzi daktari wa meno kaitazama eksirei: ndani ya taya patupu, hamna jino linalosubiri. Kisha kanigeukia, "Mama, hebu fungua mdomo na wewe." Mimi nina mapengo mawili tangu utoto, sikuwahi kujiuliza!

Inaitwa ektodemo displasia (ectodermal dysplasia), hali ya kuzaliwa ambapo meno na tezi za jasho havikui sawasawa. Ya kurithi, aina yake mara nyingi mama huibeba, mtoto wa kiume ndiye huathirika zaidi. Atavaa meno ya bandia, yakibadilishwa taya likikua. Kwa sasa, jua likiwaka namfunika kanga iliyoloweshwa, na mahindi ya kuchoma anayatazama tu.