Nilivyotunga chemsha bongo ya Nyanda za Juu Kusini isiyoleta ubishi

Chemsha bongo ya mambo ya kwetu huharibika pale pale kila mara: msomaji anatoa jibu, meza ya nyuma inasimama na jibu jingine, na wote wako sahihi. Kwa jioni moja hapa Iringa nilihitaji maswali 30. Niliandika 60, nikayachuja. Mengi yaliyoanguka hayakuwa magumu, ila yalikuwa na majibu mawili.

Kimondo cha Mbozi ndicho mfano mzuri, maana hakuna chemsha bongo ya huku isiyokigusa. Ukiuliza kiko mkoa gani umejitafutia kesi. Vitabu vya zamani vinasema Mbeya, na vilikuwa sahihi vilipochapwa. Mwaka 2016 Mbozi ikaingia mkoa mpya wa Songwe. Uliza wilaya, kwa sababu hiyo haikubadilika. Tatizo hilo hilo liko Makete na Ludewa, ambazo zilikuwa Iringa hadi mkoa wa Njombe ulipozaliwa mwaka 2012. Uzito nao ni mtego: wengi husema tani 16, wengine wana makadirio mengine. Na "nani alikigundua?" nililifuta kabisa. Mpima ardhi W. H. Nott alikitangaza mwaka 1930, lakini wenyeji walikijua tangu zamani na jina walikuwa nalo tayari. Siwezi kuwasomea watu wa Mbozi swali linalowafuta kwenye historia yao.

Nilichobakiza ni hiki: kimondo kimeundwa hasa na metali gani mbili? Chuma, karibu asilimia 90, na nikeli, karibu asilimia 9. Ukikikaribia unaona utamu wa swali lenyewe. Ngozi yake ni ya kahawia, ina mabonde madogo madogo kama udongo uliobonyezwa kwa vidole, lakini pale walipokata kipande kwa msumeno pamenyooka kabisa, chuma tupu. Swali la nyongeza: kwa nini kimekaa juu ya kiguzo? Kilikuwa kimefukiwa sehemu kubwa. Watu wakachimba kukizunguka, wakaacha udongo chini yake, baadaye ukaimarishwa.

Maswali ya "kubwa kuliko yote" niliyaogopa zaidi. Mlima Mtorwi wa Kitulo na Mlima Rungwe hupishana kwa mita moja hivi, karibu mita 2,960 yote miwili, kwa hiyo ukiuliza mlima mrefu kuliko yote ya huku, mshindi anategemea ramani uliyoshika. Badala yake niliuliza: hifadhi gani ya huku wenyeji huiita Bustani ya Mungu? Kitulo, haina mpinzani.

Umri ni balaa jingine. Zana za mawe za Isimila, nje kidogo ya mji kwa barabara ya Mbeya, zamani zilitajwa kuwa na miaka 60,000. Vipimo vya baadaye vya urani vilitoa karibu 260,000. Aliyesoma maelezo ya zamani na aliyesoma mapya watagombana mpaka usiku. Nikauliza ni mnyama gani wa majini ambaye mabaki yake yalipatikana pamoja na zana hizo. Ni kiboko, na jibu hilo linakuambia kwamba korongo lile kavu liliwahi kuwa na maji ya kutosha.

Masimulizi sikuyatupa, kwa sababu ndiyo roho ya mchezo, ila lazima swali lenyewe liseme kuwa ni masimulizi. "Kwa masimulizi ya wenyeji, jina Mbeya limetokana na bidhaa gani?" Chumvi. Ukiondoa yale maneno manne ya mwanzo, umeshageuza simulizi kuwa hukumu. Kipunji nacho kinafaa hapo: wawindaji wa Kinyakyusa walimtaja kima huyu kabla wanasayansi hawajamwona, akatangazwa mwaka 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi (kundi la kisayansi) yake mwenyewe. Uliza mwaka wa kutangazwa, usiulize "kugunduliwa".

Sasa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ambaye nilimpa raundi nzima ya maswali matano. "Amezikwa wapi?" ni swali bovu. Mwili uko Mlambalasi, upande wa barabara ya Ruaha, alikojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Fuvu, lililochukuliwa na Wajerumani kisha likarudishwa, liko Kalenga. Kwa hiyo sema wazi: mwili, au fuvu. "Lugalo iko wapi?" nalo lina mtego, kwa kuwa kuna kambi ya jeshi Dar es Salaam yenye jina hilo, taja vita, taja tarehe 17 Agosti 1891, kisha uliza kamanda wa Wajerumani aliyeuawa. Emil von Zelewski. Ukitajiwa Nyundo, jina alilopewa na watu wetu, toa alama kamili.

Swali ninalolipenda kuliko yote: mkataba gani wa kimataifa ulidai fuvu la Mkwawa lirudishwe? Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Miezi sita iliyoandikwa ikageuka miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, kulikokuwa na mafuvu 84 kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wakachagua yaliyokaribiana na vipimo vya ndugu zake walio hai, na katika hayo likachukuliwa lenye tundu la risasi. Lilikabidhiwa mwaka 1954 kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Swali hili lisome taratibu. Kwa Wahehe waliopo ukumbini huyo ni babu yao.

Kila swali nililiandika kwenye kadi yake: mbele swali, nyuma jibu, majibu mengine ya kupokea, na mahali nilipolipata. Lisilo na vyanzo viwili halikuingia, isipokuwa yale ya masimulizi. Kisha nilimsomea kila kadi mtu ambaye hakujua jibu, akiniuliza "una maana gani?", kadi inarudi mezani kuandikwa upya.

Weka pembeni kadi moja ya kuvunja sare, jibu lake liwe namba, na anayekaribia zaidi ashinde. Yangu ilikuwa: Wajerumani waliahidi rupia ngapi kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa? Rupia 5,000.