Mgunga wetu, gugu lao

Matangazo ya halmashauri hapa Longreach, Australia, huwa nayapita tu. Saa za bwawa la kuogelea, mbwa wasajiliwe, barabara fulani ya vumbi imefungwa kwa mvua. Lakini juzi jicho lilinasa picha. Ua la njano kama kidonge cha manyoya, miiba myeupe mirefu miwili miwili, ganda lililobonyea kati ya mbegu na mbegu kama shanga kwenye uzi. Nikaguna peke yangu jikoni. Mgunga! Mti wa kwetu Kishapu, Shinyanga, umebandikwa pale kama jambazi anayetafutwa na polisi. Chini yake: mkutano wa wananchi Ilfracombe, chai ipo.

Nikaenda. Ni kilomita 27 tu za lami iliyonyooka, na kwa watu wa huku, wanaoishi karibu kilomita 1,200 kutoka Brisbane, hiyo ni kama kwenda dukani. Tulikuwa kama ishirini, wengi wafugaji, kofia magotini. Bwana magugu wa halmashauri alikuwa dada mdogo mwenye buti za vumbi. (Bibi magugu? Sijui tungemwitaje kwetu, maana cheo hicho hatuna.) Maganda yake ameyaweka kwenye mfuko wa plastiki uliozibwa kwa utepe, akapitisha mkono kwa mkono na onyo kwamba mtu asifungue. Mimi nimekua nikitikisa maganda hayo kwa fimbo ili mbuzi wale. Nikaushika ule mfuko kama nimeshika baruti.

Kosa ni la wenyewe. Mgunga waliuleta Queensland, jimbo hili, miaka ya 1890 kwa kivuli, na mwaka 1926 idara ya kilimo ikawahimiza watu wapande ili kondoo wapate pa kujificha jua. Wakati mifugo ni kondoo, mambo yalienda. Kondoo na mbuzi huziharibu mbegu nyingi wakitafuna. Ng'ombe anazimeza, anatembea, anaziacha mbele zikiwa nzima na mbolea juu. Bei ya sufu ikaanguka, watu wakahamia ng'ombe. Mvua kubwa za miaka ya 1970 nazo zilishakuta mbegu chini. Leo migunga imeenea kwenye hekta zaidi ya milioni 6 za nyanda zilizokuwa nyasi tupu. Kwa haki, waliouleta ni ule wa upande wa India na Pakistani. Wa kwetu ni binamu yake. Ila miiba ni ileile.

Walijaribu hata wadudu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waliachia nondo kutoka Kenya (nondo mdudu, si wa zege) wale majani. Huku ndani kwenye joto na ukame hawakushika. Kwa hiyo kazi imebaki ya mkono: unachanganya dawa na dizeli, unalipulizia shina kuzunguka pale chini, unasogea mti unaofuata. Sheria ya mwaka 2014 inamtaka kila mwenye ardhi awajibike kwake.

Hapo ndipo mkutano ulipochangamka. Mzee mmoja akasimama: upande wangu nimesafisha, je, njia ya mifugo inayopita mpakani, iliyo chini ya halmashauri, nani anasafisha? Diwani akakohoa kidogo, akaanza kueleza bajeti. Nikajisikia nyumbani kabisa. Ila niwatendee haki: eneo lao linazidi kilomita za mraba 40,000, mkoa wa Shinyanga unaingia mara mbili, na watu hawafiki 4,000. Meya na madiwani sita. Kodi ya nani itatosha?

Mwishoni nikanyoosha mkono. Nikawaambia kwetu tunafanya kinyume: Shinyanga ilikuwa imebaki jangwa, na tangu 1986 mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) uliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili, yaani unatenga malisho, hufyeki, huingizi mifugo mpaka kiangazi, miti inarudi yenyewe. Migunga ikirudi tunashukuru. Kimya. Yule mzee akanigeukia, akauliza bila kejeli: "Sasa mnaizuiaje isijae kote?"

Nikamwambia mbuzi, na akina mama wanaotafuta kuni. Wakacheka, mimi nikiwa sijatania.

Usiku nikampigia mama. Nikamsimulia yote, mfuko uliozibwa, dawa, dizeli. Akanyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Mwanangu," akasema, "mti mzima, kuni zote zile, wanaumwagia dizeli?"

"Ndiyo mama."

"Kwani huko lita ni shilingi ngapi?"