Washa za meno kwenye redio ya mzee

Wiki nzima nimekwama na redio ya valvu (zile za zamani zenye taa za kioo ndani) ya mzee mmoja wa hapa Langoni, na kilichonikwamisha si valvu wala kapasita, ni zile washa za kusukumiza, vipete vya chuma vidogo kama ukucha, vinavyovishwa kwenye vijiti vya nyuma ya nembo ya redio kuishika kwa ndani. Hazifungwi kwa spana, zina meno ya chuma cha springi yaliyoinama upande mmoja, kwa hivo kuingia zinaingia kwa kidole tu lakini kutoka ndo hakuna, ukivuta meno yanazidi kuuma kijiti. Na Lamu hii na chumvi ya bahari, zimeshika kutu tupu.

Jamani msichokoe kwa bisibisi kubwa! Kijiti cha plastiki cha miaka hiyo kimeshakauka, hakipindi, kinakatika tu tap! na nembo ya zamani hivo utaipata wapi. Mimi natia tone moja la mafuta mepesi naiacha ilale, asubuhi naweka kipande cha kadi chini nisikwaruze, nachukua bisibisi ya fundi saa nainua jino moja moja, pole pole, huku naizungusha washa kama nafungua nati manake meno yameshajichongea njia kwenye plastiki. Ikigoma kabisa naikata kwa plaisi ya waya, washa mpya zinapatikana, kijiti hakina speya.

Jana washa ya mwisho ilitoka saa sita usiku, kijiti kizima, nikamwamsha mke wangu aje aone.