Sehemu ya Nne

Wiki hii mdogo wangu amechumbiwa, nami kazini nimehamishiwa idara niliyoiomba tangu mwaka juzi, lakini kinachoninyima usingizi ni kauli aliyoitoa Mzee siku ya Jumanne, mikono ikiwa nyuma, alipoikagua sehemu ya nne ya njia ninayoipanga kwa ajili ya mashindano ya pikipiki za trayali, mchezo wa kupita vikwazo bila kuweka mguu chini.

"Ngumu ni ngumu," alisema, "lakini haiulizi swali, mwanangu."

Nilimjibu kwa sauti iliyopanda kuliko inavyostahili mbele ya mtu aliyenifundisha kusimama juu ya vikanyagio kabla hajaniruhusu kugusa klachi: "Swali gani tena, Mzee? Si jiwe hilo hapo?" Akalitazama jiwe, akanitazama mimi, akasema, "Jiwe nimeliona," kisha akaenda zake kunywa maji. Jibu hilo nimelirudia nikiosha vyombo, nikijibu barua za ofisini, hata wageni wa posa walipokuwa wakizungumza, nisijue kama ilikuwa dhihaka au huruma.

Jiwe lenyewe nililipenda mno. Linanifika kifuani, na nilikuwa nimepitisha utepe ili mpanda akutane nalo mara tu avukapo lango la kuingilia. Nakiri kwamba nilikuwa nimetazama mno video za Toni Bou, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 2007 na kuendelea kuutwaa kwa zaidi ya miaka 15, nikasahau ni nani hasa watakaokuja kwetu.

Usiku wa Jumatano ndipo nilipochukua karatasi ya alama nikaijaza kwa kubuni. Kwa kanuni tunazozifuata, asiyeweka mguu chini hupata sufuri, anayegusa mara moja hupata 1, mara mbili 2, mara tatu au zaidi 3, na anayeanguka, kusimama au kutoka nje ya alama hupata 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kwa jiwe lile mlangoni, mwamuzi angeandika tano, tano, tano, kama anayehesabu magunia, na sufuri moja ya bahati. Moja, mbili na tatu zisingeonekana kabisa, na kwa kuwa mwenye tano huondolewa kwenye sehemu hiyo, kona zangu zote za mbele zisingepitwa na mtu.

Alhamisi alfajiri nilikwenda peke yangu. Jiwe halikusogea hata kidogo. Niliigeuza njia tu, alama nyekundu zikahamia upande wa pili ili zibaki kulia kwa mpanda, na za buluu kushoto. Sasa anaingia kupitia kijito na kufika kwenye mzizi mnene katika mteremko wa ubavuni, ambapo ni lazima achague: azunguke mbali juu ya mzizi unaoteleza, au akate kona ndani na kubaki na nafasi finyu ya kuchukua kasi kabla ya jiwe, ambalo sasa ni la mwisho. Kisiki kilichokuwa chini ya jiwe nilikikata, maana anayelishindwa huanguka kinyumenyume.

Binti wa klabu aliyenijaribia alipita mara tatu, akapata 2, kisha sufuri, kisha 5, nami nikacheka peke yangu kama mwehu.

Jana Mzee alikuja kuipitia kwa miguu. Alipofika kwenye mzizi alisimama, akatazama juu, akatazama ndani, akarudi nyuma hatua tatu na kuanza upya. Hakusema lolote, nami sikumwuliza.

Nilipita kwa Mama kumsimulia, nikakuta jiko linawaka bila chungu juu yake. Ni mara ya pili mwezi huu. Mara ya kwanza tulicheka wote. Jana alilizima haraka na kuniuliza kama nimekula.