Nilivyoipitia upya tovuti ya shirika dogo la tiba ya watoto

Mwaka 2024 nilikubali kuipitia upya tovuti ya shirika dogo la hapa Kilifi linalowasaidia wazazi wa watoto waliozaliwa na nyayo zilizopindia ndani, hali ambayo wauguzi huiita mguu kifundo. Shirika halikuwa na mtu wa mawasiliano wala fungu la matangazo, kwa hiyo nilianza na swali moja tu: mama aliyejifungua juma lililopita, mwenye simu ya bei nafuu na bando la siku, akifika hapa atapata nini?

Jibu lilinihuzunisha. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa umejaa picha za hafla za wafadhili, kila moja ikizidi megabaiti 4 kama ilivyotoka kwenye kamera, na chini yake dira, dhamira na maadili ya msingi. Siku za kliniki hazikutajwa popote. Tiba yenyewe, kwa njia ya Ponseti, huanza vizuri zaidi mtoto akiwa na umri wa wiki chache: plasta hubadilishwa kila wiki, kisha mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, na baadaye huvivaa wakati wa kulala hadi afikie miaka minne hivi. Ndiyo maana sikuweza kuuona ukurasa usiofunguka kuwa jambo dogo.

Siku ya kliniki nilimwomba bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake aifungue tovuti hiyo kwa simu yake mwenyewe. Alisubiri kwa subira, akafika kwenye namba ya simu, akaibonyeza mara kadhaa, kisha akaniuliza, “Mwanangu, mbona haipigi?” Namba ile ilikuwa sehemu ya picha. Vipimo vya kasi nilivyokuwa nimefanya ofisini havikunionyesha hilo, na tangu hapo sijaamini ukaguzi wa tovuti usiomhusisha mtu anayeihitaji.

Marekebisho yalifuata mkondo huo. Juu kabisa niliweka siku za kliniki, mahali ilipo, gharama, na namba inayopiga ikiguswa au kufungua WhatsApp. Picha zilipunguzwa hadi chini ya kilobaiti 100. Msimbo wa zamani wa Google Analytics, chombo cha kuhesabu wageni wa tovuti, ambao uliacha kupokea takwimu mpya Julai 2023, niliuondoa na kuweka wa sasa, nikaongeza Search Console ili tuone watu wanatafuta kwa maneno gani. Kwa kuwa wengi waliandika kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba mtoto amezaliwa mguu umepinda, tuliandika ukurasa mzima unaojibu swali hilo hivyo hivyo.

Hapo ndipo tulipoomba Google Ad Grants, mpango unaoyapa mashirika yanayokubaliwa matangazo ya bure kwenye utafutaji, ya thamani ya hadi dola 10,000 kwa mwezi. Masharti yake yanahitaji uangalizi, hasa lile la kwamba angalau asilimia 5 ya matangazo yanayoonekana yabofywe. Ningemshauri yeyote asiombe kabla kurasa zake hazijatengenezwa, kwa kuwa tangazo humfikisha mgeni mlangoni tu.

Kuhusu michango, kitufe cha zamani kilidai kadi ya benki. Tuliweka namba ya Paybill ya M-Pesa, na mchangiaji akaelekezwa kuandika PLASTA au VIATU kwenye sehemu ya akaunti, hivyo mhazini anajua kila shilingi imekusudiwa nini.

Picha za watoto zilinichukua muda mrefu kuliko yote. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na kwa picha nyingi hatukuwa na maandishi yoyote. Tuliziondoa, hata zile zilizokuwa zikipendwa sana Facebook, tukabaki na picha za nyayo na plasta bila sura wala jina. Naamini kila mtoto akikua atakuwa na haki ya kuamua mwenyewe kama anataka habari zake zisimuliwe.

Kwa mitandao ya kijamii tulipunguza kazi: tangazo fupi la WhatsApp kabla ya kila kliniki, ambalo wahudumu wa afya ya jamii hulisambaza kwenye makundi ya vijiji. Mafanikio hatuyapimi kwa idadi ya wanaopenda. Muuguzi ameongeza safu kwenye daftari la mapokezi, ambamo kila mzazi mpya huulizwa alitujuaje, na daftari hilo hufunguliwa katika kila kikao kabla ya takwimu za tovuti.